Mpelelezi wa Mauaji Huanzia kwa Marehemu

"Shikamoo Afande. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, naishi Majengo. Usiku naandika riwaya ya mauaji, nimefika sura ya 9. Mpelelezi wangu, Inspekta Elibariki, akifika eneo la tukio anafumba macho na kufikiri kama muuaji mpaka anamwona. Muuaji huacha jani la mmea wa sale juu ya kila maiti na kumtumia Inspekta ujumbe wa mafumbo. Nilimsomea rafiki yangu ambaye ni askari, akacheka sana. Akasema hakuna polisi wa namna hiyo, na wauaji wa mfululizo ni mambo ya Wazungu. Je, niitupe? Mpelelezi wa kweli anaingiaje kwenye akili ya muuaji? Nakutumia sura 2 za mwanzo. Jambo lingine dogo: tangu nianze kuandika silali vizuri, yapata wiki 6 sasa. Nakagua komeo mara 3 kila usiku, na nikipanda daladala naangalia mikono ya wanaume nikijiuliza imefanya nini. Wazo la riwaya nililipata kutokana na baba yangu mdogo, aliyekutwa amefariki kwenye mfongo, mfereji wa maji, kule nyumbani mlimani mwaka 2016. Hakuna aliyeshtakiwa. Asante."

Marahaba, mwalimu. Sura zako nimezisoma mara 2, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Usiitupe riwaya hii. Una jicho, na Moshi unaijua: pale mama anapofunga meza yake ya nyanya Mbuyuni huku mvua inakuja, nilisikia kabisa turubai linavyopigwa na upepo. Lakini umeniuliza maswali 3, na lile ulilolipachika mwishoni ukaliita dogo ndilo nililolirudia mara nyingi zaidi. Nitalifikia. Niruhusu nianze na Inspekta Elibariki, kwa sababu naona maswali yote 3 yanatokea mlango mmoja.

Nimefanya upelelezi miaka 28, mingi kati yake Kilimanjaro na Arusha, na mafunzo ya awali niliyapata hapo hapo Moshi, Shule ya Polisi. Katika miaka yote hiyo sijamwona mpelelezi akifumba macho eneo la tukio. Tulifundishwa kuyafumbua. Unasimama mlangoni, mikono nyuma, unaangalia kabla hujakanyaga: taa imewashwa au imezimwa, sufuria ina nini, mlango umefungwa kwa ndani au kwa nje, kalenda ya ukutani imeachwa mwezi gani. Edmond Locard, Mfaransa aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, alituachia somo kwamba mtu akigusa mahali huacha kitu chake na kuondoka na kitu cha pale. Elibariki akitembea chumbani macho yamefumbwa, akiigiza muuaji, atakachoacha ni nyayo zake juu ya nyayo tunazozitafuta.

Kwa hiyo rafiki yako ana haki kwa hilo. Kwa la Wazungu amekosea. Wachunguzi wengi huhesabu mauaji ya mfululizo pale mtu mmoja anapoua watu 2 au zaidi katika matukio tofauti, na hilo limetokea katika kila bara. Afrika Kusini, Moses Sithole alitiwa hatiani mwaka 1997 kwa kuua watu 38, na polisi wa huko walikuwa na mwanasaikolojia wao, Micki Pistorius, tangu 1994. Ni nadra, lakini hayachagui rangi. Mwambie rafiki yako asikucheke kwa hilo.

Sasa hili la kuingia akilini mwa muuaji. Halikubuniwa na waandishi wa riwaya, lina historia, na ni vizuri uijue kabla ya kuamua utalifanyia nini. Kisa kinachosimuliwa kuliko vyote ni cha New York. Mtu mmoja alitega mabomu zaidi ya 30 katika muda wa miaka 16. Mwaka 1956 polisi walimwendea daktari wa magonjwa ya akili, James Brussel, naye akawachorea mtu: umri wake, asili yake, hata kwamba siku ya kukamatwa atakuwa amevaa koti la vifungo pande mbili, limefungwa. Januari 1957 walimkamata George Metesky usiku, akiwa na nguo za kulalia, na alipoambiwa avae waondoke alitokea na koti la aina hiyo hiyo. Watu wengi husimulia mpaka hapo. Aliyempata Metesky, mwalimu, alikuwa karani wa kampuni ya umeme, Alice Kelly, aliyekaa na majalada ya zamani ya wafanyakazi walioumia kazini, akasoma barua baada ya barua mpaka akakutana na maneno yale yale aliyokuwa akiyatumia mlipuaji kwenye barua zake. Daktari alipata sifa. Karani alipata mtu.

Baadaye, mwaka 1972, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilianzisha kitengo cha sayansi ya tabia pale Quantico, na maofisa wake wakaenda magerezani kuhoji wauaji 36 ili kutafuta mienendo inayofanana. Kazi ile ina faida yake. Inampa mpelelezi maswali ya kuuliza pale anapokwama, inamsaidia kupanga atamhoji vipi mtu wa namna fulani. Hatari huja pale picha ya kubuni inapogeuka kuwa sura ya mtu. Julai 1992 mama kijana, Rachel Nickell, aliuawa London mbele ya mtoto wake, katika eneo la wazi la Wimbledon Common. Polisi walitengenezewa na mwanasaikolojia picha ya tabia za muuaji, wakaona kijana wa jirani, Colin Stagg, anafanana nayo. Wakamtumia askari wa kike ajifanye mpenzi wake ili amtoe maneno. Hakukiri. Walimshtaki hivyo hivyo, na mwaka 1994 jaji akautupa ushahidi ule. Novemba 1993, wakati macho yote yako kwa Stagg, muuaji halisi, Robert Napper, aliua mama mwingine pamoja na binti yake wa miaka 4. Vinasaba ndivyo vilivyomfichua, na mwaka 2008 alikiri kumuua Rachel. Nikimfikiria yule mtoto wa miaka 4 sipendi tena kusikia mtu akisema "nilihisi tu kwamba ni yeye".

Basi mpelelezi anaingia wapi, kama haingii kichwani mwa muuaji? Anaingia maishani mwa marehemu. Hilo ndilo jibu langu, na nitakuonyesha kwa kitu nilichokishika kwa mkono.

Nilikuwa koplo, kijiji kimoja cha juu ambacho sitakitaja. Bibi mmoja aliyeishi peke yake alikutwa amefariki ndani. Jirani aligundua siku ya tatu, baada ya kushangaa kwamba moshi hautoki jikoni. Tulipofika, sajenti wangu, mtu wa maneno machache, alimwacha askari mmoja alinde mlango, yeye akazunguka nyuma kwenye banda. Ng'ombe mmoja wa maziwa, amelala, anacheua. Horini kulikuwa na vipande vya mgomba vilivyokatwakatwa kwa ukubwa mmoja, kati bado vyeupe, pembeni vimeanza kuwa kahawia. Ndoo ya maji nusu. Sajenti akapiga magoti, akatazama kiwele. Hakikuwa kimejaa. Akaokota kipande cha mgomba, akakigeuza, akanipa. Kilikuwa na unyevu, utomvu ukaninata vidoleni. Akasema, "Bibi ana siku 2 amelala. Ng'ombe ameshiba na amekamuliwa. Nani?"

Sikulala usiku ule kwa ajili ya swali lile. Ng'ombe wa maziwa asipokamuliwa analia, kijiji kizima kinasikia. Mwizi mgeni angebeba redio na kuondoka. Aliyerudi kukata mgomba na kukamua, huku akijua nani amelala ndani, alikuwa mtu aliyeizoea ile kazi, na ambaye hakuweza kuvumilia kilio cha yule ng'ombe, au aliogopa kilio kile kisimwite mtu. Umeona, mwalimu? Hapo tumeingia akilini mwa muuaji, tena ndani kabisa. Lakini tulipitia banda la bibi, kupitia ratiba yake ya asubuhi na jioni, kupitia swali la nani huwa anamkatia mgomba mguu unapomuuma.

Muuaji alikuwa wa ukoo. Nitaongeza jambo ambalo sinema hulikata: habari ya ng'ombe haikumtia mtu hatiani. Utomvu wa mgomba kwenye nguo mlimani ni wa kila mtu. Ilituonyesha mlango wa kubisha tu. Vilivyosimama mahakamani vilikuwa vitu vya kuchosha, rekodi za simu na mashahidi waliohojiwa mmoja mmoja, na kila karatasi ilisainiwa.

Sasa rudi kwenye sura yako ya kwanza. Maiti ya kwanza umeiita "mzee mmoja". Ukurasa wa tatu ni "mwili wa mzee huyo". Hana jina. Hana simu, hana deni, hana ugomvi, hana mtu anayemwekea chakula. Muuaji wako umempa utoto, ndoto na kovu la kidevuni. Elibariki anafumba macho kwa sababu hujampa kitu cha kutazama.

Na lile jani. Umeliweka kama saini ya mtu mwenye wazimu, lakini wewe ni mtoto wa mlimani na mkono wako unajua zaidi ya hapo. Kwa Wachaga sale hupandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo. Sale ndilo hupelekwa na mtu anayeomba msamaha wa jambo zito, na aliyeletewa huona ugumu kukataa. Msomaji wa Marangu au Rombo akiliona kifuani kwa maiti, hatajiuliza muuaji ana ugonjwa gani. Atauliza: mpaka wa nani? Nani anaomba msamaha, na kwa nini amechelewa? Riwaya yako imelala ndani ya hayo maswali. Hebu fikiria Desemba, magari yenye watu wa Dar yamejaa barabara ya vumbi, mbuzi amechinjwa, mbege imeiva, na jioni kuna kikao cha ukoo kuhusu nani atabaki na kihamba. Watu 30 wamekaa uwanja mmoja, mmoja wao anajua kilichompata mzee, na anapokea kibuyu kutoka mkono wa kaka wa marehemu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nimeikuta hivyo kazini mara nyingi kuliko nilivyotaka: mpenzi, mume, ndugu, jirani wa shamba, mdeni. Tunampenda muuaji mgeni wa kwenye riwaya kwa sababu anatupumzisha. Hajakaa mezani kwetu.

Nikusaidie na mambo machache ya kazi, maana humo mna msisimko mwingi kuliko mafumbo ya kwenye simu.

Umeandika daktari akigusa mkono wa maiti na kusema "amekufa saa 6 na dakika 20 usiku". Hakuna daktari mkweli atakayesema hivyo. Mwili huanza kukakamaa taratibu, mara nyingi saa 2 hadi 4 baada ya kifo, ukianzia taya na shingo, hukakamaa wote kwenye kama saa 12, kisha hulegea tena. Joto huharakisha, baridi huchelewesha. Na wewe unaandikia mkoa wenye hali zote hizo ndani ya mwendo wa saa moja wa gari! Mwili uliolala Kibosho asubuhi ya Julai na mwili uliolala kwenye miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC mchana wa Februari haisomwi kwa kipimo kimoja. Mwili uliokaa kwenye maji yanayotembea ni hesabu nyingine tena. Mwache daktari wako aseme "kati ya jioni na alfajiri", kisha mwache Elibariki ahangaike kuubana usiku huo kwa kutumia watu: nani alimwona, nani alimpigia, wakala gani alimtolea pesa.

Kuna saa nyingine inayopiga, na hiyo ni ya sheria. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mpelelezi ana saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu awekwe chini ya ulinzi, na nyongeza isiyozidi saa 8 kwa utaratibu maalumu. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi. Mahakama ya Rufani imeshayaondoa maelezo ya onyo mengi, yaani yale mtuhumiwa anayoandikishwa polisi baada ya kuonywa, kwa sababu tu yaliandikwa nje ya muda. Umemweka Elibariki akimhoji mtuhumiwa siku 3 mfululizo chumba chenye giza. Kwa kufanya hivyo ameiua kesi yake mwenyewe. Mpe saa 4, gari lililokwama kwenye tope la Machi, na mtuhumiwa anayeomba maji kila dakika 10. Nakuhakikishia msomaji atatokwa jasho.

Vielelezo navyo vina mnyororo wake. Panga likiokotwa, lazima ijulikane nani aliliokota, alimkabidhi nani, lilifungwaje, lilifika lini kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, lilirudi lini. Mahakama ya Rufani iliweka msisitizo huo kwenye shauri la Paulo Maduka na wenzake, rufaa namba 110 ya mwaka 2007, na tangu hapo mawakili wa utetezi wanalo mdomoni. Elibariki wako analiweka panga kwenye buti la gari lake na kwenda nalo nyumbani kulala. Limekufa lile panga.

Na shahidi wako aliyemtambua muuaji usiku "kwa mbali, kwa macho yake"? Msome shauri la Waziri Amani la mwaka 1980. Mahakama inauliza: mwanga ulikuwa wa nini, umbali gani, alimtazama kwa muda gani, alikuwa anamjua kabla? Nimewahi kusimama kwenye shamba la migomba saa 3 usiku pamoja na shahidi wa namna hiyo, mbalamwezi ikiwaka, nikamwomba askari asimame pale alipodai muuaji alisimama. Majani ya mgomba yanakata mwanga vipande vipande. Niliona shati, uso sikuuona. Yule shahidi hakuwa mwongo. Alikuwa ameona mwendo wa mtu anayemchukia, akili yake ikamalizia uso. Hicho ni kitu cha kisaikolojia cha kweli, kichukue.

Hapo hapo niseme kuhusu uongo. Elibariki anasoma uongo kwenye macho ya watu. Utafiti mkubwa uliounganisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta watu wanatambua uongo kwa asilimia 54 tu, karibu sawa na kurusha shilingi. Mtu anayeangalia chini mbele ya polisi Moshi huenda amefundishwa na bibi yake kutomkodolea macho mkubwa. Na hata anayekiri, usishangilie haraka. Uingereza, kijana wa miaka 17 alikiri kumuua msichana mwaka 1986. Vinasaba, ambavyo wakati huo vilikuwa vipya kabisa, vikaonyesha kwamba si yeye. Muuaji, Colin Pitchfork, alikuwa amemshawishi mwenzake wa kazini akatoe damu kwa jina lake. Aliponzwa na mwenzake huyo kuropoka baa, mama mmoja akasikia, akaenda polisi. Sayansi ilifungua mlango, na mlango ule uliingiwa na mama mwenye masikio.

Kuhusu wazimu nitakuwa mfupi. Kumpa muuaji ugonjwa wa akili ili msomaji aogope ni kuwaonea wagonjwa, ambao wengi wao hawamdhuru mtu na mara nyingi wao ndio hudhuriwa. Sheria yetu ina njia yake: mshtakiwa anayedaiwa kuwa na tatizo la akili hupelekwa kuchunguzwa na madaktari, na Taasisi ya Isanga, Dodoma, inajulikana kwa kazi hiyo. Wauaji wengi niliokaa nao meza moja walikuwa na akili timamu na sababu ndogo. Udogo wa sababu ndio uliokuwa ukinikosesha raha.

Ukiniuliza muda, usimalize kesi kwa wiki 2. Mfanyabiashara wa madini aliyepigwa risasi wilayani Hai Agosti 2013, jambo ambalo Arusha na Moshi wote tunalikumbuka, hukumu ya Mahakama Kuu ilitoka Moshi Julai 2018. Watoto waliokuwa darasa la kwanza wakati wa mazishi walikuwa wanakaribia kumaliza shule ya msingi. Familia hubadilika kwenye muda kama huo, mashahidi huhama, wengine hufa, na mpelelezi huhamishwa mkoa akiacha jalada kwa mtu mwingine. Neno "upelelezi haujakamilika" likisomwa mahakamani kwa mara ya 20, mtazame mjane wa marehemu. Andika uso wake.

Na Elibariki mwenyewe umemfanya mlevi, kwa sababu wapelelezi wa riwaya hulewa. Wapo waliolewa. Wengi wetu tulinyamaza. Nilikuwa narudi nyumbani, mke wangu ananiuliza habari za kazi, nasema "nzuri". Kwa miaka nilikuwa nikiingia nyumba ya mtu nahesabu milango kabla ya kusalimia. Mwanangu alipokuwa na miaka 9 aliniuliza kwa nini nakagua dirisha lake kila usiku. Sikuwa na jibu la kumpa mtoto. Nilikuja kuzungumza na mtaalamu nikiwa nimebakiza miaka 3 kustaafu, na nasikitika nilichelewa kiasi hicho.

Ndiyo maana ulipoandika kwamba unakagua komeo mara 3, niliweka kalamu chini.

Mwalimu, sidhani kwamba riwaya ndiyo inayokunyima usingizi. Kuandika usiku ukiwa ndani ya kichwa cha muuaji kunachangia, na hilo unaweza kulirekebisha leo: andika mchana au jioni mapema, simama saa moja kabla ya kulala, na usiache mtu amekufa ukurasani unapofunga daftari, malizia na kitu cha kawaida, chai, mvua, kengele ya shule. Lakini baba yako mdogo alikutwa kwenye mfongo, hakuna aliyeshtakiwa, na familia imeendelea kula Krismasi pamoja. Mtu aliyepoteza ndugu kwa namna hiyo bila jibu, akili yake hukaa mlangoni. Inakagua mikono ya watu kwenye daladala kwa sababu imeambiwa kwamba mkono uliofanya vile upo, na haujulikani ni upi. Huo si wazimu wala udhaifu, ni mlinzi ambaye hajaambiwa aende kulala.

Wiki 6 ni nyingi. Hali kama hii, kukosa usingizi, kushtuka, kukagua, ikizidi mwezi mmoja na kuanza kuingilia kazi, inahitaji mtu wa ana kwa ana, na mimi kwa barua siwezi kuwa huyo mtu. Nenda kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa, hapo Moshi zipo karibu nawe. Mwambie daktari habari ya 2016 kwanza, riwaya baadaye. Ukianza kupata mawazo ya kutotaka kuishi, au ukaanza kukwepa kwenda kazini, usisubiri siku ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo ukiwa na mtu unayemwamini.

Na kuhusu baba mdogo, kosa la mauaji halina ukomo wa muda. Jalada halifi kwa kukaa. Nenda na mkubwa mmoja wa familia kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, omba kujua namba ya jalada na lilipofikia. Kama kifo kilichukuliwa kuwa ni ajali ya maji, uliza uchunguzi wa mwili ulisema nini, na kama kuna haja ya hakimu kuchunguza chanzo cha kifo kwa Sheria ya Uchunguzi wa Vifo. Ukiona kimya, ofisi ya mashtaka ya mkoa nayo ina mlango. Andika kabla ya kwenda: alionekana wapi mara ya mwisho na nani, namba ya simu aliyokuwa akitumia mwaka ule, alikuwa anadaiana na nani, mpaka gani ulikuwa na maneno, na majina ya watu waliomjua vizuri ambao hawakuwahi kuhojiwa. Karatasi moja inatosha.

Nakuomba mambo 2 usiyafanye. Usimwendee unayemshuku ukamhoji mwenyewe, hata kama ni ndugu na mmeketi vizuri; unaweza kujiweka hatarini, na unaweza kumfundisha cha kusema. Na usiweke kwenye riwaya jambo ambalo familia yenu tu na aliyefanya ndio wanaolijua. Siku moja mpelelezi anaweza kulihitaji likiwa halijaguswa. Majina pia badilisha, na kijiji pia, maana kumnyooshea mtu kidole hadharani bila hukumu kunaweza kukuletea kesi ya kashfa wewe, yeye akabaki nyumbani.

Elibariki mweke. Mfumbue macho, mpeleke kwenye ule mfongo wa kubuni asubuhi, aulize maji yalifunguliwa kwa zamu ya nani siku ile, maana mlimani zamu ya maji inajulikana. Kisha mpe yule mzee wa sura ya kwanza jina. Alikuwa na nini mfukoni? Niandikie hilo kabla ya sura ya 10, na uniambie umepangiwa lini kumwona daktari.